Kilichokuwa ndani ya usukani

Usukani wa zamani ulikuwa umechoka kweli. Ngozi ilikuwa imebanduka upande wa kulia, pale mkono wa dereva unaposhika kila siku, na jasho la miaka ishirini na ushee lilikuwa limeacha weusi unaonata. Kijana mmoja wa Sengerema, mnunuzi wa mabondo ya sangara mwenye miaka 28, alikuwa akiutazama kila asubuhi na kuona aibu. Gari lenyewe ni Toyota Altezza ya mwaka 2001, rangi ya fedha, rimu kubwa, ekzosi inayonguruma. Vitu vyote vya nje alikwisha kuviremba. Ndani ukabaki usukani ule.

Msimu wa mabondo ulipokwenda vizuri, alivuka kwenda Mwanza. Siku hizi safari hiyo ni nyepesi. Zamani mtu alifika Busisi akasubiri kivuko, wakati mwingine saa nzima na zaidi. Tangu Juni 19, 2025, daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 linaunganisha Kigongo na Busisi, na dakika chache tu zinamtosha dereva kuvuka ghuba.

Jijini alinunua usukani wa spoti: mdogo, mweusi, sentimita 32 kutoka ukingo hadi ukingo, mikono mitatu ya chuma na kitufe cha honi katikati. Ule wa kiwandani ulikuwa na upana wa sentimita 37 hivi. Fundi wa gereji moja aliifanya kazi kwa saa mbili. Akachomoa waya wa betri, akangoja kidogo, akalegeza skrubu mbili za pembeni na kutoa kile kifuniko kinene cha katikati. Kisha akafungua nati kubwa, akavuta usukani wa zamani, akafunga adapta, na juu yake usukani mpya kwa boliti sita. Taa ya eabegi ilipowaka kwenye dashibodi, aliunganisha kidude kidogo cha umeme kwenye waya, na taa ikazima.

“Hii mali yako, bosi,” alisema, akimpa gunia lenye usukani wa zamani na kile kifuniko. “Usitupe.”

Kijana alirudi Sengerema akiwa na furaha kama mtu aliyenunua gari jingine. Usukani mdogo ulijaa vizuri mkononi, na gari lilikata kona kwa kuguswa tu. Kijiweni marafiki walimzunguka.

“Sasa wewe ndiye steringi!” mmoja alimwambia, akichezea neno ambalo wapenzi wa sinema humwita shujaa wa filamu.

“Na steringi hafi!” kijana akajibu. Wote wakacheka.

Gunia alimpa mama yake, ambaye ni mjane na anaishi nao. Mama alilipeleka stoo, akaliweka nyuma ya viroba vya mkaa, hatua tatu kutoka jiko la nje.

Wa kwanza kuona tatizo alikuwa mke wake. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku za kliniki huendesha mwenyewe. Alipoketi, aliona kwamba ukingo wa usukani mdogo unamziba asione vizuri namba za mwendo. Kisha akatafuta kitu kingine.

“Yale maandishi ya SRS yako wapi?”

“Yametoka na usukani wa zamani,” mume akajibu. “Lakini taa haiwaki. Usijali.”

Asubuhi hiyo muuguzi alikuwa akiwafundisha kina mama namna ya kukaa garini. Mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, usipite juu ya mtoto. Mkanda wa juu upite katikati ya matiti na pembeni ya tumbo. Dereva arudishe kiti nyuma kadiri anavyoweza kufika pedeli, ili kati ya kifua chake na katikati ya usukani ibaki nafasi isiyopungua sentimita 25. Mama mmoja aliuliza kama eabegi haitamuumiza mtoto tumboni. Muuguzi alieleza kwamba ukiwa umefunga mkanda na umekaa mbali kiasi hicho, eabegi inakulinda wewe, na kumlinda mama ndiyo njia ya kwanza ya kumlinda mtoto.

Mwalimu alirudi nyumbani kimya. Usiku, baada ya chakula, aliuliza tena.

“Lile gari lina eabegi au halina?”

“La abiria ipo. Ya dereva haipo. Lakini mbona magari ya mashindano hayana? Yale ya Safari Rally kule Naivasha, umewahi kuona eabegi?”

Hoja hiyo husikika katika vijiwe vingi, na nusu yake ni kweli. Magari ya rali hayana eabegi. Lakini dereva wa rali amevaa helmeti, amefungwa kwa mikanda inayombana mabega yote mawili, kiuno na mapaja, shingo yake imeshikwa na kifaa maalumu, na amezungukwa na vyuma vilivyochomelewa ndani ya gari. Hawezi kurushwa mbele hadi kifua kifike kwenye usukani. Dereva wa Altezza anayekwenda kununua mabondo ana mkanda mmoja tu, na siku nyingine hata huo haufungi.

Mkanda wa kawaida hufanya kazi kubwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba unaweza kupunguza hatari ya kifo kwa dereva na abiria wa mbele hadi nusu. Lakini ajali ikiwa kubwa, mwili bado husogea mbele, na usukani uko karibu. Ndiyo maana mkanda na eabegi vilitengenezwa vifanye kazi pamoja. Vihisio vikipata kishindo, kompyuta hutuma umeme kwenye kifuniko cha usukani, kemikali iliyomo inawaka, gesi inajaza mfuko, na yote hayo yanaisha kabla mtu hajapepesa jicho. Kisha mfuko unanywea taratibu na kumpokea mtu kama mto wa kulalia.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, na mazungumzo yote aliyasikia. Alivuta kigoda akaketi.

“Baba yako alikufa kwa usukani,” alisema.

Kijana alijua kwamba baba yake alikufa kwa ajali ya lori mwaka 2000, yeye akiwa na miaka mitatu. Zaidi ya hapo hakuwahi kuambiwa, na hakuwahi kuuliza.

“Lilikuwa lori la pamba. Halikuwa mbio, mzigo ulikuwa mzito. Alikwepa ng’ombe akagonga mti. Watu walimtoa akiwa anatembea mwenyewe. Alinisalimia. Hakuwa na jeraha hata la sindano. Alisema kifua tu, kifua tu. Siku ya tatu akafariki. Daktari alisema usukani ulimpiga, na vilivyovunjika vilikuwa ndani.”

Hakuna aliyesema kitu. Mama akaendelea.

“Mimi sijui mambo ya magari, baba. Lakini ulipoleta huu mpya niliona ni chuma kitupu. Nikasema labda ndiyo kisasa. Sasa nasikia kulikuwa na kitu cha kuzuia kifua, umekitoa, umeweka stoo. Na huyu ana mtoto tumboni.”

Alichosimulia mama kinafahamika vizuri hospitalini. Kifua kikigongwa na kitu butu, ngozi inaweza kubaki nzima huku mbavu, mapafu, moyo au mishipa mikubwa ikiwa imeumia. Mtu anaongea, anatembea, hata anaomba maji. Kwa sababu hiyo, yeyote aliyegonga usukani kwa kifua au tumbo anatakiwa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata akisema anajisikia vizuri. Kwa mama mjamzito hakuna hata kujadiliana, kwa kuwa kondo la nyuma linaweza kuachia bila dalili ya nje.

Asubuhi kijana alikwenda kwa fundi umeme wa magari wa palepale Sengerema, mzee mwenye mvi.

“Mzee, shikamoo.”

“Marahaba. Umeshachoka na usukani wako?”

“Nataka unirudishie wa zamani.”

“Eabegi yake iko wapi?”

“Nyumbani, stoo. Kwenye gunia, karibu na mkaa.”

Mzee aliweka chini spana. “Karibu na moto? Twende sasa hivi.”

Njiani alimweleza kwamba kile kifuniko kina baruti ndani yake. Kikipata joto kali au umeme, hata ule mdogo wa betri ya mtoto anayechezea waya, kinaweza kulipuka. Kikiwa kimelala kifudifudi, chuma chake chote kinarushwa juu kama jiwe la manati. Walipofika, mama alikuwa anapepea jiko. Mzee aliingia stoo, akakitoa kifuniko taratibu, uso wake ukitazama mbali na mwili wake, akakiweka mahali pa baridi, chali. Waya zake hakuzigusa.

Kijana alimuuliza kama si afadhali anunue usukani mwingine wenye eabegi, wa gari bovu, kwa wauza spea. Mzee akakataa. Hakuna anayejua umekaa wapi, umelowa maji lini, au umetoka kwenye gari lililogongwa. Akamtajia Takata, kampuni ya Japani ambayo vilipuzi vya eabegi zake viliharibiwa na joto na unyevu wa miaka mingi hata vikawa vinapasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa madereva. Mamilioni ya magari yalirudishwa duniani kote kubadilishiwa, na mwaka 2017 kampuni ikaomba kufilisika. Mwenye gari la zamani kutoka Japani anaweza kuandika namba ya chesesi kwenye tovuti ya mtengenezaji na kujua kama gari lake limo.

Kurudisha kulichukua asubuhi nzima. Mzee alichomoa betri na kungoja zaidi ya sekunde 90, kwa sababu mfumo wa eabegi hubaki na umeme wa akiba. Akapima ile kebo ya mviringo iliyo nyuma ya usukani isiwe imepinda wala kuzidishwa mzunguko. Kile kidude cha umeme alikitoa na kumwekea kijana kiganjani.

“Hiki ndicho kilichokuwa kinakudanganya. Gari lilikuwa linalia, wewe umeliziba mdomo.”

Ikabaki aibu ya ngozi iliyobanduka. Kabla ya kufunga usukani, mzee alikuwa amempeleka kwa fundi wa viti wa jirani, aliyeushonea ngozi mpya nyeusi kwa mkono, kwenye duara tu, bila kugusa kifuniko cha katikati. Kava za kuvalisha alizikataa, akisema nyingi huteleza dereva anapokata kona kwa haraka. Kijana aliruhusiwa kuchagua uzi. Akachagua mwekundu. Gharama yote haikufika nusu ya bei ya ule usukani wa spoti, ambao sasa umetundikwa ukutani dukani kwake, juu ya mizani ya mabondo. Wateja wanausifu.

Kijiweni hawakucheka sana. Mmoja wao, mwenye gari la aina hiyohiyo, alimuuliza kwa sauti ya chini yule mzee anapatikana wapi.

Wiki mbili baadaye walikwenda Mwanza wote watatu, mwalimu akiwa na miadi ya kliniki. Mama alikaa nyuma na kufunga mkanda wake, baada ya kuonyeshwa namna. Walikwisha kukubaliana kwamba mtoto akizaliwa atakaa huko nyuma pamoja na bibi, kwenye kiti chake, kwa kuwa mtoto mchanga hapaswi kabisa kuwekwa mbele ya eabegi ya abiria.

Mzee alikuwa amewafundisha kitu kimoja cha kuangalia. Ukifungua swichi, taa ya eabegi ni lazima iwake, kisha baada ya sekunde sita hivi izime yenyewe. Isipowaka kabisa, au isipozima, gari liende kwa fundi.

Kijana alifungua swichi. Mama akainua shingo kutoka kiti cha nyuma.

“Imewaka?”

“Imewaka, mama.”

Wakangoja.

“Imezima?”

“Imezima.”

“Haya, baba. Twende.”