Msitufutie Sauti ya Anko: Kanda za Muvi za Kutafsiri Zilizobaki Singida

Wadau, leo sina udaku wa nani kaachana na nani. Kuna bifu dogo linaendelea hapa Singida mjini na limenikaa kooni. Wahusika siwataji. Mkiwajua, nyamazeni.

Kuna jamaa anatafsiri muvi na ana wafuasi kibao YouTube. Amemtuma mtu na laki tatu mkononi, anunue sanduku la kanda za VHS na CD za mzee mmoja wa Majengo, ambaye sisi tuliokulia mtaani tunamwita Anko. Muvi zenyewe hana shida nazo, zimejaa mtandaoni kwa picha safi kuliko hizo. Anachotaka ni utani wa Anko. Anataka aondoe sauti ya mzee, aweke yake, arudie maneno yaleyale. Anasema sauti ya zamani ina makelele.

Kwa mliozaliwa juzi: Anko alikuwa na kibanda umiza. Mabenchi, turubai la kuziba mwanga, TV ya inchi 21, deki na spika moja iliyopasuka. Sisi watoto tulilipa shilingi 50. Muvi zilikuja kwa Kichina, Kihindi au Kiingereza, na wazee waliotoka kuuza alizeti na vitunguu hawakuwa na muda wa kubahatisha nani kamuua nani. Kwa hiyo Anko alishika maiki akawa anaeleza. Fundi wa fani hii aliyejulikana nchi nzima alikuwa Lufufu wa Dar es Salaam, Kapteni Derek Gaspar Mukandala, na Anko alijifunza kwa kusikiliza kanda zake. Wakenya wana DJ Afro wao. Sisi Majengo tulikuwa na huyu.

Na hakutafsiri tu. Alihamisha. Police Story ya Jackie Chan ya mwaka 1985 inaanza na magari yakishuka mlimani yakibomoa vibanda vya watu. Kwa Anko ule haukuwa mlima wa Hong Kong, ulikuwa Sekenke, na magari yalikuwa yamekatika breki yakitokea Misigiri. Lile basi la ghorofa ambalo Jackie analining'inia na mwamvuli? "Huyo kakosa siti ya kwenda Mwanza, na nauli kashalipa!" Kibanda kizima chini. Bosi wa majambazi akipiga simu, anaagiza kuku wa kienyeji kumi, na wasiwe wa kizungu maana atajua. Mpaka leo nikiona muvi hiyo kwa sauti yake ya asili naona kama wamekosea.

Sasa niwaeleze ilivyokuwa inafanyika, maana hapa ndipo bifu lilipo. Deki mbili. Moja inacheza kanda ya asili, nyingine inarekodi kanda tupu. Katikati kuna miksa na maiki. Muigizaji akifungua mdomo, Anko anashusha sauti ya muvi na kuongea yeye. Ngumi zikianza au wimbo wa Kihindi ukiingia, anaipandisha. Makampuni makubwa yanafanya tofauti: yanapewa muziki na milio upande mmoja, maneno ya waigizaji upande mwingine, halafu yanatoa maneno tu na kupachika ya Kiswahili. Ndivyo unavyopata kitu safi kama ile tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na Mama Wakwe Zake iliyorushwa TBC mwaka 2011, kila mhusika na sauti yake. Anko hakupewa chochote na mtu. Kwenye kanda yake kila kitu kilikuwa kimeshaunganishwa, hivyo akishusha maneno anashusha na risasi. Ndiyo maana kwenye muvi za kutafsiri bunduki huwa zinanyamaza ghafla kumpisha DJ.

Na kwa sababu mara nyingi alirekodi palepale kibandani watu wakiwa ndani, maiki ilidaka kila kitu. Mvua kwenye bati. "Mwenye baiskeli mlangoni aiondoe." Kuna kanda ya Commando ambayo Schwarzenegger anavamia kambi peke yake, halafu unasikia katoto kanasema "baba, hela ya maandazi". Anko anajibu "mwambie mama yako", na bila kupumua anarudi vitani. Hako katoto ni binti yake. Leo ni mama wa watoto wawili, na yeye ndiye anayetakiwa kuamua kuhusu laki tatu.

Hayo ndiyo makelele yanayotakiwa kufutwa.

Zamani ingekuwa kazi ngumu. Leo kuna programu za akili mnemba zinazochambua sauti, zinatoa ya mtu zinaacha muziki. Jamaa anazo, na tayari ametoa muvi moja yenye utani wa Sekenke neno kwa neno. Watu wamejaa huko wanamwambia "kaka una kipaji". Hakuna aliyeuliza kijana wa Dar amekuwaje mtaalamu wa milima ya Iramba.

Najua kuna mtakaoniambia, Anko naye si alifunika sauti za watu? Kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema ruhusa ya kutafsiri kazi iko kwa mwenye kazi, na Anko hakuwahi kumtumia mtu wa Hong Kong hata mia. Mwaka 2017 wasanii wa Bongo Muvi waliandamana hadi Kariakoo wakilalamikia muvi za nje zinazouzwa holela, na CD za aina hii zilikuwa sehemu ya kilio. Simtetei kwa hilo. Ila angalieni: Anko alipofunika sauti ya Jackie Chan, ya Jackie ilibaki salama kwingine, na leo ukiitaka unaipata dakika mbili. Sauti ya Anko ipo kwenye kanda moja, ndani ya sanduku moja, chini ya kitanda Majengo. Ukiirekodia juu, basi.

Hili la picha kubaki na sauti kubadilishwa lina umri nchi hii. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wa filamu kule Vugiri, milima ya Usambara, ukiitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Picha zilikuwa kwenye mkanda, maneno kwenye sahani za santuri. Wakihama kabila wanabadilisha santuri: hapa Kiswahili, pale Kisukuma, kule Kiganda, filamu ileile. Nilipolisoma hilo nilicheka, nikamkumbuka Anko na miksa yake. Tofauti ni kwamba wao walikuja kufundisha watu namna ya kuishi. Anko alitaka tu ujue kwa nini yule mama analia.

Sasa sehemu ambayo sikutaka kuiandika. Anko alipata kiharusi. Upande wa kulia umelegea, na maneno hayatoki. Yule mtu aliyekuwa anaongea sauti za watu kumi na wawili kwa saa mbili mfululizo, leo akitaka maji anaonyesha kikombe. Mazoezi ya viungo yanataka hela, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inataka hela. Kwa hiyo msimwone dada mbaya akifikiria laki tatu. Mimi sijui ningefanya nini ningekuwa yeye.

Tulichokubaliana kwa sasa ni hiki. Nimeazima deki inayofanya kazi (kuipata mjini hapa ni hadithi nyingine, mafundi wananicheka), na kila Jumapili nahamishia kanda kwenye laptop. Kanda ni 34, zilizofanikiwa 11. Tatu zimeshika ukungu. Moja ililiwa na deki mbele ya macho yangu, nikahisi kama nimeshuhudia ajali. Dada amesema nikimaliza nakala ndipo atazungumza na yule jamaa, na sharti lake ni moja: anunue akitaka, aweke sauti yake akitaka, lakini jina la baba liandikwe na yeye alipwe kwa kila muvi. Jamaa kajibu "tutaongea". Mnajua maana yake.

Wiki iliyopita nilicheza kipande cha Police Story ili nione kama rangi imekaa. Anko alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Sikumwangalia, nilikuwa na waya zangu. Dada ndiye aliyenigusa bega. Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa juu ya paja, na kila Jackie anapofungua mdomo, vidole viwili vinavuta kitu kwenda chini. Ngumi zikianza, vinakirudisha juu. Hakukosea hata mara moja.

Kwa hiyo natafuta. Kama ulikaa Majengo, Ipembe au Mandewa, au ulihamia Ikungi, Kiomboi, Manyoni, na nyumbani kuna CD au kanda yenye kava ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya kijani, hiyo ni kazi yake. Usiitupe, usiirekodie mahubiri. Andika hapo chini nitakuja kuifuata mwenyewe. Tunachokikosa zaidi ni Sholay sehemu ya pili. Ya kwanza tunayo, imeishia Gabbar anacheka.