Pwani ya Mawe Ilikozaliwa Boti ya Mpira Yenye Mkuku



Wengi katika sisi tuishio Uingereza tumezoea kuwapeleka watoto London au Blackpool pindi shule zinapofungwa. Mara hii nawaalikeni Wales ya kusini, kwenye kipande cha pwani kisicho na maduka wala bembea, kiitwacho St Donat's. Huko ndiko ilikobuniwa, katika miaka ya 1960, ile boti ambayo leo imeenea bandari nyingi za dunia: chini ni chombo kigumu chenye mkuku, juu kimezungushiwa mipira minene iliyojaa hewa. Wanamaji huipanda, waokozi huipanda, wapiga mbizi wa kitalii huipanda. Na siku hizi si ajabu mtu kupigiwa simu kutoka nyumbani, ndugu wakimwomba achangie kununua moja. Kabla ya kutoa mchango ni vyema kukijua chombo chenyewe kilitengenezwa kwa kazi gani.

Kutoka Cardiff hupandwa treni ya njia ya Vale of Glamorgan, iliyorejeshewa abiria mwaka 2005, na kushukwa Llantwit Major. Safari haifiki saa nzima. Kutoka stesheni huteremkwa kwa miguu hadi ufukweni, kisha hushikwa Njia ya Pwani ya Wales, iliyofunguliwa mwaka 2012, kuelekea magharibi juu ya majabali. Majabali yale ni tabaka juu ya tabaka, chokaa na udongo mgumu, mfano wa chapati zilizopangwa sahanini, na huporomoka bila ya kupiga hodi. Watoto washikwe mikono, wala asikae mtu chini yake kula chakula.

Bahari ya huko si bahari yetu. Kwetu Unguja maji ya bamvua hupanda kiasi cha mita 4. Katika Mlango wa Bristol tafauti ya maji kujaa na maji kupwa hupindukia mita 10 wakati wa bamvua, na ndani zaidi, Avonmouth, hukaribia 14. Maji yakipwa utaona mawe matupu yaliyotandazwa mbali kuelekea baharini. Baada ya saa sita mawimbi yanaupiga ukuta. Mkondo wake una nguvu, rangi yake ni ya chai ya maziwa, na upepo wa magharibi huja moja kwa moja kutoka Atlantiki.

Juu ya pwani hiyo imesimama ngome ya St Donat's, iliyoanzwa kujengwa zama za kati. Mwaka 1925 iliununuliwa na tajiri wa magazeti wa Marekani, William Randolph Hearst. Baada ya kufa kwake ikaja mikononi mwa Antonin Besse, mtoto wa yule Besse mfanyabiashara wa Aden. Na bila ya shaka wako wazee wetu waliopita Aden kwa meli ambao jina hilo si geni masikioni mwao. Besse huyu mdogo akaitoa ngome ili iwe chuo cha vijana wa mataifa mbalimbali, na Atlantic College ikafunguliwa mwaka 1962 kwa fikra za Kurt Hahn, mwalimu aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Desmond Hoare, admirali mstaafu. Chuo kingalipo, na si mahala pa kuingia bila ya ruhusa, lakini mwenye kupita njia ya pwani huziona kuta zake na ule mteremko wa zege uingiao baharini.

Mteremko huo ndio kiini cha kisa. Wanafunzi walikuwa na wajibu wa kuwaokoa waliopatwa na maafa baharini, na kuanzia mwaka 1963 chuo kikawa kituo cha Shirika la Kifalme la Maboti ya Uokozi, RNLI. Maboti yao ya mwanzo yalikuwa ya mpira mtupu, chini sakafu laini. Boti ya namna hiyo ni nyepesi na haizami upesi, lakini kwenye mawimbi hupiga maji kama kofi, hupindapinda, na kila inapoburutwa juu ya zege na mawe sakafu huchakaa. Hoare na vijana wake wakabandika ubao chini. Wakaona haitoshi, wakaunda kiwiliwili cha mbao chenye umbo la V, wakaizungusha mipira juu yake. Chombo baada ya chombo kilijaribiwa katika bahari ile ile isiyo na huruma. Kilichovunjika kilirudi karakanani. Mwaka 1969 boti moja iliyoundwa na wanafunzi, waliyoipa jina la Psychedelic Surfer, iliingia katika mashindano ya kuizunguka Uingereza na ikamaliza safari. RNLI ikaichukua fikra hiyo, na mwaka 1972 boti yao ya Atlantic 21, iliyopewa jina la chuo, ikaanza kazi. Haki ya ubunifu Hoare aliwauzia RNLI kwa pauni 1. Mtu angeweza kutajirika kwa jambo hilo. Kituo cha chuoni kilifungwa mwaka 2013, baada ya miaka 50 ya kazi.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe. Umbo la V huyakata maji badala ya kuyapiga, kwa hiyo mgongo wa nahodha husalimika. Mipira ya ubavuni, boti ikienda mbio, karibu yote huwa juu ya maji na haiburuzi. Lakini boti ikilala upande, mpira hugusa maji na kuiinua tena. Mvuvi wa kwetu ataifahamu kazi hiyo mara moja, kwani haiko mbali na ile ya matengo ya ngalawa. Tena mipira imegawanywa vyumba vyumba, kimoja kikipasuka vingine hubeba. Na ubavu laini ni neema kwa aliye majini, kwani huweza kusogelewa na kupandishwa bila ya kupigwa na mbao. Atlantic 21 iliongezewa jambo jingine: mfuko wa hewa juu ya fremu ya tezi. Boti ikipinduka, mabaharia huujaza mfuko kwa gesi, chombo hujigeuza, na injini zake zimetengenezwa ziweze kuwaka tena baada ya kuzama kichwa chini.

Katika mafuta ndipo penye maneno mengi ya sokoni. Husemwa kwamba boti hii haili mafuta. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Ikienda pole pole hula kidogo, kama chombo chochote. Ikianza kukimbia huinua omo na kuzamisha tezi, na hapo ndipo inapokula vibaya kuliko pote kwa mbio inazotoa, kwa kuwa inausukuma mlima wa maji. Ikipewa nguvu zaidi hupanda juu ya maji na kuteleza, na hesabu inakuwa nafuu tena. Uzuri wa boti ya mpira ni wepesi: huupita mlima ule upesi, kwa injini ndogo kuliko boti nzito ya urefu huo huo.

Kwa kanuni ya mafundi, injini ya petroli yenye nguvu za farasi 100 ikifunguliwa yote hula takriban lita 35 hadi 40 kwa saa. Zile za zamani za kuchanganya petroli na oili hula zaidi. Atlantic 85, iliyoanza kazi mwaka 2005, ina injini mbili za farasi 115 kila moja na hufika maili za bahari 35 kwa saa. Pigeni hesabu: ni zaidi ya lita 80 kwa saa, yaani zaidi ya lita 2 kwa kila maili. Ndiyo maana kwa mbio zake zote huweza kwenda saa 2 na nusu tu. Kutoka Unguja mjini hadi Dar es Salaam ni kiasi cha maili 40 za bahari. Kwenda peke yake kungekaribia lita 100. Nahodha mwenye akili hushusha mbio hadi theluthi mbili, boti ikiwa bado inateleza, na kila maili huweza kumgharimu robo pungufu.

Lakini mpakieni magunia ya karafuu, au abiria 15 na mizigo yao, ubora wote huo hupotea. Boti haitapanda juu ya maji. Itabaki ikiusukuma mlima kutwa nzima, na faida ya safari itaishia tangini. Kwa shehena, boti ya faiba au jahazi lenye mashine ni bora, na rai yangu ni hiyo bila ya kusita. Fauka ya hayo mipira hailipendi jua letu. Iliyotengenezwa kwa plastiki ya kawaida huachia gundi mapema katika joto. Ya Hypalon hustahamili zaidi, na bei yake ni kubwa. Hewa iliyojazwa asubuhi hutanuka mchana na hubidi ipunguzwe, na mpira uliolegea huongeza ulaji wa mafuta. Atakayekuombeni fedha, muulizeni mipira ni ya aina gani, injini ina miaka mingapi, fundi wa kuiziba yuko mji gani, na ataibebesha nini.

Kwa uokozi, hapo mambo ni mengine. Baada ya kuzama kwa MV Spice Islander Septemba 2011 karibu na Nungwi, na MV Skagit Julai 2012 karibu na Chumbe, mamia ya nyumba zetu zilikaa matanga, na wengi waliookoka walikaa saa nyingi wakielea. Jumuiya yetu ikitaka kuchanga kwa ajili ya chombo cha namna hii, basi kiwe cha kukaa tayari ufukweni, kitupu, tangi limejaa, na vijana waliofunzwa.

Anayetaka kukiona karibu asiende St Donat's, ambako boti ya uokozi haipo tena. Apande treni ya Penarth, robo saa hivi kutoka Cardiff, ateremke hadi ufukweni. Kituo cha RNLI kiko hapo mbele ya bahari, na Atlantic 85 imo ndani. Mabaharia wake ni watu wa kujitolea, na ukiwakuta huwa hawachoki kuulizwa. Inameni mtazame chini ya mipira. Mkuku wenyewe uko huko.