Katika Karakana ya Mchongaji wa Tabaka

Nilikwenda Tabaka, katika eneo la Kisii, nikiwa na daftari lenye istilahi 42 za uchongaji. Nilitaka mzee yule anithibitishie. (Mwanafunzi akishaonja utamu wa istilahi hudhani ulimwengu mzima unamsubiri aupe majina.)

Karakana yenyewe ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo nne, bila kuta. Vumbi jeupe lilitanda kila mahali, hata kwenye kope za mwenyeji wangu. Alikuwa ameketi juu ya gunia akililowesha jiwe la sabuni kabla ya kulichonga, kwanza kwa panga, kisha kwa kisu kidogo. Jiwe hilo ni laini kiasi kwamba ukucha huliparuza. Maji hupunguza vumbi. Aliniambia kwamba alichelewa kuyazoea, nami nilikisikia kikohozi chake.

Pembeni palipangwa viboko, twiga na sahani za kuuzia watalii, kazi ya wanawe. Yake ilifuata mkondo wa usasa tunaouona kwa Elkana Ong'esa, mwana wa Kisii ambaye Ndege wake wa Amani yupo katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Iliyonivutia ilikuwa umbo refu lisilo na uso, lililojipinda kama mtu aliyejikumbatia, na tundu katikati.

Nikafungua daftari. "Mzee, hii tuiite sanaa dhahania?"

"Umeishika, mwanangu?"

Sikuwa nimeishika. Akanishika kiganja akakipitisha tunduni. Nje jiwe lilikuwa nyororo kama ngozi ya mtoto. Ndani lilikwaruza kama gome la mti.

Huko Tabaka, wanaume aghalabu huchonga, na wanawake husugua kwa msasa na maji hadi jiwe ling'ae. Mkewe alikuwa ameisugua kazi ile kwa nje. Tundu alilibakiza la mwisho, na hakuliwahi, alifariki.

Mnunuzi mmoja, aliniambia, alikuwa tayari kulipa vizuri iwapo tundu lingesuguliwa. Wanawe walimsihi akubali, maana karo ya wajukuu ilikuwa haijalipwa. Siwalaumu. Mzee alikataa, akawachongea viboko kumi wakauze.

Sikuuliza tena kuhusu istilahi. Alinipa kipande cha msasa, akanionyesha kiboko mmoja na ndoo ya maji, nikasugua hadi jioni, vibaya.