Mashua ya Kuazima

Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Chanika, mjini Handeni, na kila mvua ikinyesha huletewa injini zilizoingia maji. Lakini habari ninayotaka kuwasimulia leo yaanzia kwenye mashua ndogo ya mtoto, isiyozidi urefu wa mkono. Naiandika kwa kuwa mashua hiyo ilinifundisha jambo ambalo miaka yangu yote ya kushika spana haikunifundisha.

Katika likizo ya Disemba, mwaka 2023, nilimpeleka mwanangu wa miaka 11 kwa bibi yake, Korogwe. Mvua za vuli za mwaka ule zilikuwa nyingi, na madimbwi yalituama kila bonde. Mtoto wa jirani alikuwa na mashua aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe. Ubao wake ulikuwa wa msufi. Mota aliitoa katika redio kaseti iliyokufa. Rafadha aliikata katika kopo la maziwa. Na nguvu yake ilitoka katika mawe mawili ya redio. Njiti ya gurudumu la baiskeli ndiyo iliyounganisha mota na rafadha, nayo ilipita ndani ya bomba la kalamu. Mtoto yule alimwazima mwanangu mashua hiyo kwa siku moja, akamwambia airudishe kesho yake kabla ya Magharibi.

Mimi nilirejea kazini kwangu, na siku ya tatu nikaja tena Korogwe kuwajulia hali. Kutoka Handeni ni kilomita 65 tu. Sijaketi vizuri, mama yangu akaniambia, "Mwanangu, huyu mume wangu hali chakula tangu juzi. Mwulize wewe, mimi amenikataa."

Nilimwita kando, nikamwuliza. Alikaa kimya kitambo, kisha akaenda chumbani akaitoa mashua chini ya kitanda, imefungwa katika kanga ya bibi yake. Ilikuwa imezama dimbwini siku ile ile ya kwanza. Aliifuta nje ikapendeza, lakini ndani alikuacha na tope lake. Usiku, watu walipolala, aliunganisha mawe ya redio kutazama kama mota ingali hai. Ikatikisika kidogo, ikanyamaza. Akajaribu tena na tena. Mwenyewe alipoijia jioni ya pili, alimjibu kuwa bado anaichezea.

"Na sasa wataka kufanya nini?" nikamwuliza.

Akajibu huku akitazama chini, "Nilitaka kuiweka mlangoni kwao usiku, baba. Akiiwasha asubuhi, ataona imeharibikia kwao."

Neno lile lilinichoma kuliko yeye alivyojua, na sababu yake nitaieleza. Kwanza nilimshika mkono, tukaenda kwa jirani kabla hatujagusa hata parafujo moja. Mwanangu alisema yote, na machozi yakimtoka. Mwenye mashua alisikiliza, kisha akauliza neno moja tu: "Bomba lilikuwa na grisi?" Kumbe mashua ile ilikuwa na desturi ya kuvuta maji kwa njia ya bomba la rafadha kila grisi ilipokwisha, naye alisahau kumwonya mwenziwe. "Ungaliniambia siku ile ile," akanena, "tungaliikausha, ikaisha."

Basi tuliketi watatu barazani tukaitengeneza. Tuliondoa kwanza mawe ya redio, kwa maana umeme ukipita katika maji huila shaba upesi. Kisha tukaisuuza mota kwa maji safi, na vijana walishangaa kuona naongeza maji juu ya maji. Lakini tope likikaukia ndani huwa kama msasa, na ndugu zetu wa pwani, ambao maji yao ni ya chumvi, wana haja zaidi ya kusuuza hivyo. Halafu tukafungua kifuniko cha nyuma, tukapangusa kwa spiriti. Kile kipete cha shaba kinachoguswa na kaboni kilikuwa kimegeuka kijani kwa sababu ya majaribio ya usiku. Tukakisugua polepole kwa msasa laini mpaka kikang'aa. Tukaianika kivulini penye upepo. Mwanangu alitaka kuiweka karibu na jiko, nikamkataza: nyaya zile zimepakwa rangi nyembamba inayozitenga, na rangi hiyo ikiungua mota imekwisha. Mwishoni tulitia tone moja la mafuta ya cherehani kila upande ambapo mhimili huzunguka, pasipo kugusa kaboni, tukajaza grisi mpya katika bomba. Kukausha bila kuziba mlango yalimoingilia maji ni kazi ya kurudia kesho.

Kesho yake baada ya Alasiri iliwaka, ikaelea, ikaenda. Lakini ilikuwa na mkwaruzo ambao haikuwa nao zamani. Kutu ya siku tatu ilikuwa imeacha alama yake.

Wanangu wale walifurahi, nami nikakaa nikiitazama mashua kwa moyo mzito. Maji yale yale ya Mto Pangani yapitayo Korogwe ndiyo yaliyotegwa huko Hale, mwaka 1964, yazungushe mitambo ya umeme. Maji si adui wa mashine. Uharibifu ni maji kuingia pasipo pake, kisha mtu akayafungia humo pasipo kusema. Na mimi nilikuwa nimefungia yangu miaka 4.

Mwezi wa Oktoba, mwaka 2019, mafuriko yalipoipata Handeni na Korogwe, bwana mmoja wa upande wa Sindeni aliniletea pikipiki yake iliyoingia maji. Kila fundi ajua yapasayo: usiiwashe, fungua plagi kwanza, uzungushe injini polepole maji yatoke, mwaga oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa, utie mpya, safisha kabureta na chujio la hewa. Maana maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikipanda na silinda imejaa maji, hapana budi kitu kivunjike. Nami niliyajua hayo yote. Lakini siku ile wateja walikuwa wengi. Kiki ilikuwa ngumu, nami badala ya kujiuliza sababu nikatia gia, nikawaambia vijana waisukume mteremkoni. Ikalia mlio mmoja mbaya. Kile chuma kinachoishika pistoni kilikuwa kimepinda.

Nikamwambia mwenyewe, "Bwana, maji yameua injini." Akauza mbuzi wake wawili, akanilipa.

Hiyo ndiyo sababu maneno ya mwanangu yalinichoma. Yeye alitaka kuiweka mashua mlangoni usiku. Mimi niliiweka pikipiki mlangoni kwa mtu mchana kweupe, na nikapokea fedha juu yake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe, nami huwafundisha wanangu hayo kila siku. Ningemtazamaje tena?

Siku ya kurudi Handeni nilimchukua pamoja nami, tukapitia kijijini kwa bwana yule. Nilimweleza yote mbele ya mwanangu, nikamkabidhi fedha. Alizihesabu taratibu, akazitia mfukoni, akanena:

"Fundi, mimi nilipofika mtoni niliizima injini, nikaivusha kwa kuisukuma. Injini iliyozimwa haipindi chuma chake kwa kulala majini. Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilingoja uniambie wewe. Ulipokaa kimya, nikatafuta fundi mwingine."

Alitukaribisha uji, tukanywa. Pikipiki yake hajaileta kwangu mpaka leo, wala simlaumu. Fedha zimerudi, mkwaruzo umebaki.

Ndugu wazazi, mtoto akivunja kitu cha watu, tusianze na ukali, kwa maana ukali ndio unaomfundisha kuficha chini ya kitanda. Nanyi vijana, chombo cha mwenzio kikiingia maji, nendeni mkamwambie saa ile ile, kabla halijakauka tope.