Dada yetu kwenye foleni ya wageni

Mabibi harusi mnaosubiri ndugu kutoka nje, hii ni yenu.

Ndoa ya mdogo wetu ilifungwa nyumbani Munisagara, alhamdulillah. Kesho yake tukampeleka kwa mumewe Unguja: gari hadi Kilosa, treni hadi Dar, kisha boti.

Bandarini Malindi sisi tulionyesha vitambulisho tukapita. Dada yetu mkubwa, mzaliwa wa Munisagara kama sisi, siku hizi ana pasipoti ya Uingereza. Yeye akaelekezwa dirisha la uhamiaji. Muhuri wa Tanzania alishagongewa Dar, lakini mgeni akivuka kuja Zanzibar hukaguliwa tena. Wakamuomba na bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni hulipia bima ya Zanzibar, dola 44, na ile aliyokata Uingereza haichukui nafasi yake. Hakuna aliyemwambia. (Sisi tulishughulikia mapazia, jamani, si pasipoti.)

Nje wakwe wanapiga vigelegele, ndani simu inazungusha tu malipo hayapiti. Tukamsihi bibi harusi atangulie. Akakaa juu ya sanduku na hina yake: "Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni. Sitoki bila yeye."

Bima hiyo hulipiwa mtandaoni kabla ya safari. Mwambieni ndugu yenu aichapishe, aiweke ndani ya pasipoti.

Dada alitoka karibu na Alasiri, kitambaa cha kichwa kimemwenda upande. Mdogo wetu akainuka, akamtengenezea, wakatoka wameshikana mikono.