Mawe ya Engaruka na mtoto mgongoni

Mmoja wenu kauliza kama safari ya Engaruka inamfaa mwenye mtoto mdogo. Inafaa, tena nendeni. Ila jipangeni.

Ukitoka huku kwetu Ololosokwan unapita Wasso, unateremka Sonjo, unapita kando ya Ziwa Natron, halafu unaifuata barabara ya Mto wa Mbu. Pale chini ya ukuta wa Bonde la Ufa ndiyo Engaruka. Usitegemee kuona jumba refu. Ni kuta fupi, matuta na mifereji, jiwe juu ya jiwe bila saruji, eneo la kama kilomita za mraba 20. Tangu miaka ya 1400 hadi 1700 hivi waliishi wakulima pale. Walichepusha mito inayoshuka kutoka milima ya Ngorongoro wakamwagilia mtama. Vijiji vyao saba walivijenga mtelemkoni, bonde likabaki shamba.

Mwoneshe mwanao mfereji mmoja, mfuate unakoelekea. Mwambie hii si kazi ya kaya moja. Hata leo jirani zetu Wasonjo wanamwagilia kwa mifereji, na wazee ndio wanaogawa zamu za maji.

Sasa hapo unesi wangu unaingia. Mfereji unaunganisha nyumba. Ukifua nepi huku juu, kuna mtoto kule chini anakunywa. Maji yanaweza kuwa meupe kabisa na bado yakaleta kuhara. Kwa hiyo yachemshe mpaka yatokote, yafunike, na choo kiwe mbali na maji. Unamlinda wako, unamlinda na wa mwenzio usiyemjua.

Safarini je? Engaruka kuna joto, na utasikia watu: "Mpe mtoto maji, ana kiu." Kama hajafika miezi sita, usimpe, hata kijiko. Maziwa yako yana maji ya kumtosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe kunywa maji ya kutosha. Aliyezidi miezi sita mbebee maji yaliyochemshwa, na aendelee kunyonya. Tembeeni asubuhi, mfunike kichwa, na msikanyage kuta wala kuhamisha jiwe.

Akiharisha, usimwachishe ziwa. Mpe ORS, na zinki kwa kipimo utakachopewa kituoni. Ukiona macho yameingia ndani, amelegea, anashindwa kunyonya au kinyesi kina damu, usisubiri kupambazuke. Mpeleke.

Wale wa zamani hawakuacha maandishi, wameacha njia ya maji tu. Na sisi, maji tunayowapa watoto wetu ndiyo yatakayotusema.

Sehemu ijayo: chanjo za mtoto mkiwa mnahama na mifugo. Usiku mwema.