Kuizunguka Batian

Alhamisi, 23 Januari 2025. Mackinder's Camp, Bonde la Teleki

Kalamu ya wino imegoma kwa baridi. Naandika kwa penseli ya mpishi. Tuko mita 4,200 kwenye Mlima Kenya. Pimbi wa hapa wamenenepa na hawajui kuogopa. Mmoja amepokonya ganda la ndizi mkononi mwa mtu, kisha akakaa palepale kulila.

Baada ya chakula tulikaa kikao. Wengi walitaka tupande kilele cha Lenana alfajiri, tupige picha penye ubao, turudi Naro Moru tukaoge. Mimi na Daktari wa Meno tukaomba jambo jingine: tushike njia inayovizunguka vilele vyote, Batian kikiwemo, tupite Hausberg, Simba na Tooth, mapito matatu kwa siku moja, tuje kulala Austrian Hut upande wa pili. Kwenye ramani ni kilomita kama kumi tu. Ila kupanda na kushuka ukikujumlisha kunapita mita 2,000, na watu wengi huigawa safari hiyo kwa siku mbili au tatu.

Kiongozi alitusikiliza huku akimenya viazi. Akauliza swali moja tu: nani jana amelala usingizi? Mikono yote ikapanda, isipokuwa wa Mhasibu. Naye akaupandisha alipojiona amebaki peke yake. Kiongozi aliliona hilo. Akasema kesho tunapumzika, Jumamosi tunazunguka.

Ijumaa, 24 Januari

Siku ya kuzoeza mapafu. Tulipanda polepole hadi chini ya Point John, tukaketi kitambo, tukashuka. Kwa urefu huu hewa anayovuta mtu ina oksijeni inayozidi kidogo nusu ya ile ya ufukweni Malindi, na mwili hauhitaji kuambiwa: kufunga kamba za viatu tu, pumzi zinapaa.

Chai haiivi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi, majani yanatoa rangi ila ladha yanabaki nayo. Mpishi anazidisha tangawizi kufidia. Maharage hakuyabeba kabisa, anajua yatamwaibisha; tunakula dengu na wali.

Asubuhi nilikuwa nimesimama penye lobelia zile fupi, zinazoweka maji katikati ya majani. Juu ya maji pana kifuniko cha barafu. Nikakigonga kwa ukucha kikavunjika, na chini yake maji ni maji, chipukizi limo ndani halijagandishwa. Senesio wana ujanja wao: majani yao yakikauka hawayatupi, wanayaacha yaning'inie kuuvisha mti shina lake. Kila kilichoota hapa kimejipangia namna ya kuuvuka usiku. Mimi nina mifuko miwili ya kulalia, na bado nalalamika.

Jioni mpagazi mmoja kijana aliniuliza, "Mzee, wewe mtu wa pwani, baridi hii umeifuata ya nini?" Nikamwambia watu wa pwani walikuja huku zamani. Mackinder alipotoka Nairobi mwaka 1899 kuja kuupanda mlima huu, karavani yake ilikuwa na Waswahili 66 na Wakikuyu 96.

"Na waliofika kule juu ni wangapi?"

"Batian walifika watatu, tarehe 13 Septemba. Yeye Mackinder na waongoza milima wake wawili kutoka Courmayeur, Italia."

"Kwa hiyo wa kwetu na wa kwenu walibeba."

"Walibeba."

Akacheka sana. "Basi Mzee, kesho maji yako ubebe mwenyewe. Mimi hema linanitosha."

Jumamosi, 25 Januari. Austrian Hut, usiku

Mkono umeanza kupata moto, nitaandika kadiri penseli itakavyofika.

Tuliamshwa saa kumi. Uji wa wimbi, mayai, chai. Mwezi wa Rajabu ulikuwa umebaki kipande chembamba upande wa mashariki, haukutusaidia chochote, kwa hiyo tuliondoka saa kumi na moja kwa tochi za kichwani. Mizigo mikubwa ilipanda na wapagazi njia ya mkato, moja kwa moja hadi Austrian Hut. Sisi tukaelekea kushoto. Kiongozi alimweka Mhasibu nyuma yake kabisa, apate kumsikia anavyopumua.

Changarawe za alfajiri zimeganda, zinashika mguu. Hiyo ndiyo sababu ya kuondoka usiku, wala si hamu ya kuona jua likichomoza kama vijana walivyodhani. Tulifika Two Tarn kwenye mwangaza wa kwanza, maziwa mawili madogo yenye ngozi ya barafu, na juu yake ukuta wa Batian unaanza kuiva rangi ya shaba. Hapo kila mtu alitoa simu. Kiongozi aliwapa dakika tano, akazihesabu.

Kutoka hapo ni kupanda bega, kushuka kwenye kijiziwa cha Nanyuki, kupanda tena. Nusu ya mwisho kuelekea Hausberg Col inasimama wima. Hatua moja, pumzi mbili. Hakuna aliyezungumza. Nilijifunza visigino vya mtu aliyekuwa mbele yangu hata nikajua kiatu chake cha kulia kimeshonwa upya.

Saa tatu kasorobo tulikuwa juu, mita 4,591. Upepo wa pale haukaribishi mgeni.

Nataka kupaeleza pale vizuri. Mlima huu uko kilomita kama 16 kusini mwa ikweta, na jua huuvuka juu kwenda na kurudi kila mwaka. Januari jua liko kusini. Upande tuliotoka, wa Teleki, ulikuwa kiangazi: mwamba mkavu na vijito vinavyotiririka mchana. Nilipogeuza shingo tu kutazama upande wa kaskazini, pale pale bila kuhamisha miguu, niliona majira ya baridi: theluji ya zamani imelala kwenye nyufa, njia imevaa barafu nyembamba, hakuna kinachoyeyuka. Ikifika Julai na Agosti mambo yanageuka, kaskazini kunakauka na kusini kunaganda. Wanaopanda Batian kwa kamba wanaifuata kalenda hii: miezi hii hupanda kwa kusini, katikati ya mwaka hupanda kwa kaskazini. Mlima mmoja, misimu miwili, na mpaka wake ni hapo penye upana wa meza. Mtu anayepanda Lenana na kushuka alikotoka halijui jambo hili. Atauona mlima kwa uso mmoja tu.

Kiongozi akanionyesha kwa fimbo barafu mbili zilizong'ang'ania mwamba kushoto kwa Batian. "Ile Cesar, ile Joseph." Ni wale waongoza milima wawili wa Mackinder. Nikamtafuta yule kijana wa hema nimwonyeshe, nikakumbuka amekwenda na mizigo. Waswahili 66 hawana hata kijiwe.

Kushuka ndiko kulikotutesa. Theluji ngumu juu ya kokoto zinazoporomoka. Kiongozi alichimba hatua kwa kisigino, nasi tukatia miguu mle mle alimotia yeye. Mkubwa kati ya dada wawili tuliofuatana nao aliteleza akakaa kitako, akashuka hivyo hivyo mita tatu, akainuka akasema suruali yake haijafa. Tulipita kando ya maziwa mawili, Hausberg na Oblong, tukapanda bega jingine ambalo hakuna aliyetuambia habari zake, na saa tano na nusu tukaingia kambi ya Shipton's.

Pale ndipo siku ilipogawanyika. Mhasibu aliketi kwenye jiwe, chapati mkononi, haitafuni. Kiongozi alimkaribia kwa upole kabisa.

"Kaka, hebu tembea pale. Kisigino mbele ya kidole, mstari mmoja, hadi kwenye lile jiwe."

Alikwenda hatua nne, ya tano ikamtupa kando. Akarudi akajaribu tena, ikawa vile vile.

"Huendelei, kaka."

"Nimelipia safari nzima."

"Umelipia na kurudi nyumbani pia."

Wote tuliangalia chini. Kichwa kikiuma peke yake mtu anaweza kuvumilia, akapewa maji na vidonge. Miguu ikianza kukosa mstari, huo ni ubongo unalalamika, na dawa yake ni kushuka, siku hiyo hiyo, wala si baada ya kulala. Msaidizi wa Kiongozi na mpagazi mmoja wakachukua mkoba wake, wakashika naye njia ya Sirimon hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300. Nilimpa skafu yangu. Alinishukuru bila kunitazama. Naamini uamuzi ule ndio uliokuwa mzuri kuliko yote ya siku, na ulichukua muda mfupi kuliko wa kupiga picha kule Two Tarn.

Tuliobaki tuligawana chapati zake. Daktari wa Meno alisema huu ni urithi wa aliye hai.

Saa sita na nusu tukaondoka. Kupanda kwenda Simba Col baada ya chakula ni adhabu. Mita 400 ulizoshuka asubuhi unazilipa zote. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka mabondeni kama yafanyavyo kila alasiri. Tulifika saa tisa kasoro, mita 4,620, na yakatupa robo saa ya kuona.

Kiongozi alimimina chai iliyobaki kwenye kifuniko cha chupa, akaninyooshea. "Mzee, ukiimwaga upande huu," akaonyesha tulikotoka, "itakwenda Liki, itaingia Ewaso Ng'iro, itaishia kwenye kinamasi cha Lorian. Haitaiona bahari." Akageukia mashariki, kwenye Bonde la Gorges linaloporomoka kwa ngazi hadi Ziwa Michaelson. "Ukiimwaga huku, ni Mto Nithi. Nithi mwishowe ni Tana."

Tana! Mimi mtoto wa Malindi, mama yangu amezaliwa Kipini, pale Tana inapomimina bahari tope. Utotoni tulikuwa tukitazama maji yale mekundu yakisukumana na ya chumvi, na mjomba akisema yametoka bara, basi. Bara ni kubwa. Kumbe mojawapo ya mianzo yake ni uwanja huu wa mawe, na miguu yangu ilikuwa imesimama, mmoja upande wa Lorian, mmoja upande wa mjomba.

Chai niliimwaga mashariki. Kiongozi alisikitika, alikuwa amenipa ninywe.

Kuanzia pale hadi hapa sina mengi ya kusema. Square Tarn haikuonekana, wingu liliifunika. Kwenye Tooth Col, mita 4,720, mvua ya mawe ilitushika, punje ndogo zinazoruka juu ya mwamba. Dada mdogo alianza kuimba nyimbo za kanisani kwao, mke wa mwenzetu Fundi akaitikia, Fundi mwenyewe akaitikia kwa kuchelewa, nasi tukapata mwendo. Aliyekuwa mzito kuliko wote sasa nilikuwa mimi, na Kiongozi akanihamishia nafasi ya Mhasibu, nyuma yake. Nilijua maana yake. Nikajitahidi kupumua kistaarabu.

Saa kumi na moja na nusu, paa la bati likatokea ndani ya ukungu. Yule kijana alikuwa mlangoni. "Mzee wa pwani! Maji umebeba?" Chupa ilikuwa tupu.

Jumapili, 26 Januari. Austrian Hut

Watano wametoka saa kumi na moja kwenda Lenana, mita 4,985. Kutoka hapa ni mwendo mfupi. Sikwenda. Daktari wa Meno naye hakwenda, lakini yeye ana lengelenge.

Banda hili lilijengwa kwa msaada wa Waaustria, shukrani zao baada ya mwenzao kuokolewa huko Batian mwaka 1970 akiwa amevunjika mguu. Barafu ya Lewis iko hapo nje, chini kidogo. Niliitarajia kubwa. Wataalamu wamekuwa wakiipima tangu mwaka 1934, na hadi mwaka 2010 ilikuwa imepoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Kilichobaki ni vipande vya kijivu vilivyofunikwa vumbi, na mchanga mpana palipokuwa na barafu. Mpishi anasema alipoanza kazi hii alikuwa akichota barafu jirani na mlango, siku hizi anatuma mtu.

Mtandao unashika hapa nje ukisimama upande wa mashariki wa banda. Mhasibu amepiga simu. Amelala usingizi mzito Old Moses, kichwa kimeondoka, amekula mayai manne. Atatungoja Nanyuki saa tisa. Anataka kujua kama kikundi kitamrudishia gharama za Simba na Tooth, kwa kuwa hakuzitembea, na kama chapati zake ziliingizwa kwenye hesabu. Nimemwambia Daktari amjibu.